Patalo Isiyofuliwa

Watu walitoka Bunia na vitu vya kila namna wakati wa vita. Wengine walitoka na godoro kichwani, wengine na mbuzi. Jirani yetu mmoja alitoka na mlango wa nyumba yake mgongoni, kwa sababu ulikuwa mpya, wa mbao ya muvule, na alisema hawezi kuwaachia washenzi mlango wa namna ile. Sina haki ya kumcheka. Mimi nilitoka na patalo.

Haikuwa patalo ya hivihivi, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Ilikuwa jinzi. Kwetu watu hawajisumbui kutofautisha: kitu chenye miguu miwili na mfuko ni patalo, basi, iwe ya gabadini, iwe ya kaki, iwe ya jinzi. Mimi nilikuwa ninatofautisha, na nilikuwa ninatofautisha kwa sauti. Ukinipita sokoni umevaa jinzi, nilikuwa ninakusimamisha na kukunja pindo la mguu wako bila kukuomba ruhusa, nitazame mshono wa ndani. Siku moja mchimba dhahabu mmoja aliyeshuka kutoka machimboni aliniuliza kama nimepoteza kitu mguuni pake.

Nilikuwa ninauza friperi, nguo zilizovaliwa na wazungu huko kwao kabla ya kuja kuvaliwa na siye. Balo, lile robota la nguo, ilipofika tuliikata kamba, na kabla nguo hazijamwagika chini mikono yangu ilikuwa imeshaingia ndani kutafuta. Wenzangu walitafuta kilichouzika. Mimi nilitafuta kilichonipendeza, na ndiyo maana wenzangu walijenga nyumba. Nilikuwa na jicho, hilo hata maadui zangu walikubali. Niligusa kitambaa nimefumba macho nikakuambia kama ni pamba tupu au kimechanganywa na uongo.

Basi siku moja, ndani ya balo iliyotoka upande wa Butembo, nilikuta jinzi ambayo hakuna mzungu aliyewahi kuivaa. Ilikuwa bluu ya kuelekea nyeusi, ngumu kama bati. Vifungo vya shaba vilikuwa bado vinang'aa, na ndani ya mguu, kwenye ukingo wa kitambaa, ulipita uzi mwekundu kutoka juu hadi chini. Nilikaa juu ya balo. Nilisahau hata kumpigia kelele mwizi aliyekuwa anajichagulia mashati pembeni yangu.

Mfanyabiashara aliyetuletea mabalo, Mnande mmoja aliyekuwa ametembea mpaka Kampala na mbele ya Kampala, aliiona mikononi mwangu akapiga mluzi. "Hiyo hapana fua," akaniambia. "Hiyo inavaliwa mwaka muzima bila maji. Inashika namna ya mwili yako, inaandika maisha yako. Ukiifua, umeiua."

Umeiua! Neno hilo liliniingia kama mahubiri. Nilirudi nyumbani nikamtangazia mama kwamba tangu siku ile kulikuwa na nguo moja katika nyumba yake ambayo haitaona sabuni.

Lazima mumjue mama yangu. Muzee wetu alikuwa karani, mtu wa koti na tai hata siku ya kwenda shambani, na alipofariki alimwachia mama vitu viwili: mimi, na patalo yake ya sufu ya kijivu, ambayo mama aliitunza vizuri kuliko alivyonitunza. Hakukuwa na mtoto mwingine. Mama alikuwa katika chama cha wamama wa kanisa, wale wanaofunga kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, na kitambaa chake kilikuwa cheupe mpaka wenzake walimwuliza anakiweka nini. Alikuwa anakiweka sabuni na hasira. Katika dini ya mama yangu uchafu ulikuwa unatangulia dhambi nyingine zote. Sasa mtoto wake wa pekee anamwambia habari ya patalo inayoandika maisha.

"Itaandika maisha yako?" akaniuliza. "Kwani weye uko na maisha gani? Unatoka hapa, unaenda ku soko, unarudia. Hiyo ni mustari moja."

Vita vyetu vilianza kabla ya vita. Patalo ilikuwa ngumu kiasi kwamba nikiivua ilisimama yenyewe kwenye kona, na kila asubuhi mama aliiamkia kwa heshima, "Jambo, papa, umelala muzuri?", kisha akanipita mimi bila salamu. Mama mwenzake wa kanisa alipokuja, alimtambulisha: "Huyu njo bwana wa nyumba. Ule mwenye kuwa ndani yake hana akili." Siku moja nilirudi nikakuta ameipiga pasi ya makaa kwa uji wa muhogo na kuiwekea pli mbele, kali, mstari mnyoofu kutoka kiunoni hadi kwenye kidole cha mguu, kama patalo ya marehemu baba. Pli kwenye jinzi! Nililia. Ninasema nililia machozi, mwanaume mzima mwenye ndevu. Wakati huohuo watu walikuwa wanaingia mjini kutoka upande wa Djugu na Bule, wamepoteza mashamba na watu wao, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ninalilia pli.

Haikuwa na adabu pia, ile patalo. Niliivaa kwenda kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa. Sebule yao ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, kama sebule zote za heshima za kwetu. Kulikuwa na joto, nilitoka jasho la uchumba, na niliposimama kuaga, matako yangu yalikuwa yamebaki kwenye kiti. Mawili, ya bluu, yamechorwa vizuri sana. Mama wa msichana aliyatazama muda mrefu. Baba wa msichana alisema, "Tumekuona." Hakunikaribisha tena.

Mama ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Alichukua kile kitambaa cha kiti, akakifua kwa mikono yake mwenyewe akisugua na kulaani, na huko kwenye beseni ndiko alikojifunza tabia ya ile rangi: ikiguswa na maji inakimbilia kitu chochote cheupe kilicho karibu. Mimi nilijifunza tu kuogopa mvua. Ikinyesha nilijibanza chini ya mabati ya watu mpaka iishe.

Kisha ikaja wiki ile ambayo Bunia ilibadilisha wenye mji mara nyingi hata hatukujua tena tumsalimu nani. Asubuhi risasi zilianza upande wa juu wa mji, mchana zikawa pande zote, na kesho yake mama akasema, "Tunaenda." Tungeshika barabara ya Komanda, na kutoka huko Mungu angejua. Mama alitaka kutoka Bunia na mtoto wake. Mimi nilitaka kutoka Bunia na patalo yangu. Ninaandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Waliokimbia kabla yetu walikuwa wametufundisha sheria ya njia: unachobeba kichwani watakunyang'anya, unachovaa mwilini mara nyingi kinabaki. Kwa hiyo watu walikuwa wanakimbia wamevaa kabati zima. Mama alifunga vikwembe vyake vyote kiunoni, kimoja juu ya kingine, na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, maana alisema akifa njiani hataki kufika mbele ya Mungu kichwa wazi. Mimi nilifanya hesabu za mtu mwenye akili. Jinzi nitaiweka chini kabisa, kwenye ngozi, mahali ambapo hakuna mwizi atakayeiona. Juu yake nitavaa patalo ya sufu ya baba. Na juu ya yote nitavaa tureki, patalo ya michezo, kuukuu, iliyotoboka magoti, ili nionekane maskini.

Nilionekana bata. Mapaja yalikuwa hayakutani tena. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu wenye huzuni, wamama wenye watoto mgongoni, wazee wanaosukumwa kwenye baiskeli, na katikati yao mimi, miguu imepanuka, ninatembea kama mtu aliyetahiriwa jana. Mvua ikatukuta njiani, na safari hii hapakuwa na mabati ya mtu. Ilinyesha mchana kutwa. Nilisikia maji yanapenya tureki, yanapenya sufu ya baba, yanafika kwa mpendwa wangu. Nilisikitika sana. Mama aliniona ninasikitika, akadhani ninawaza vita, akanishika mkono.

Kabla ya kufika Komanda tulikuta barieri, mti uliolazwa katikati ya njia na vijana wenye bunduki. Walikuwa wa kundi gani, sikuuliza. Wanawake na wazee walipitishwa. Wanaume wenye umri wa kupigana walitolewa pembeni wakaguliwe, kwa kuwa wapiganaji wa upande mwingine walikuwa wanatupa sare na kujificha katikati ya wakimbizi. Begani walitafuta alama ya mkanda wa bunduki. Kwenye miguu walitafuta alama ya buti. Mwanaume aliyekuwa mbele yangu, shefu wao alimtazama bega, akamwambia apite. Aliyemtangulia huyo aliambiwa akae chini nyuma ya kichaka, na sikumwona tena.

"Pandisha patalo," shefu akaniambia. Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya mvua kichwani, macho mekundu ya kukosa usingizi.

Sikuweza kupandisha. Patalo tatu zilizolowa zilikuwa zimeshikana kama ndugu.

"Toa."

Nikatoa tureki. Vijana wakaona patalo ya sufu, wakaanza kucheka. Nikatoa ya sufu. Wakaona jinzi, wakacheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake. "Ni kitunguu!" akasema. "Shefu, tuliokota kitunguu!" Nami nilicheka pamoja nao, mpumbavu mimi, nikadhani tumeshakuwa marafiki. Nikafungua vifungo vya shaba, nikaivuta jinzi ile ikagoma, nikakaa kwenye matope, nikaivuta kwa mikono miwili, ikatoka.

Kicheko kikakatika.

Nilijitazama. Kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu nilikuwa bluu. Haikuwa doa la hapa na pale, jamani. Nilikuwa bluu kama daftari la shule. Na mikono yangu, kwa ajili ya kuivuta, ilikuwa bluu vilevile.

"Dawa," mmoja akasema kwa sauti ndogo, akarudi nyuma. "Huyu amepakwa dawa."

Kwa mtu asiyekuwa kwetu miaka ile, nieleze. Wapiganaji wengi walikuwa wanakwenda kwa mufumu, yaani mganga, kabla ya kupigana, wanachanjwa, wanapakwa, wanaogeshwa majani, ili risasi igeuke maji. Kila mtu kwenye ile barieri alijua mtu wa namna hiyo. Na sasa mbele yao alikuwa amesimama mwanaume aliyejificha ndani ya patalo tatu, mwenye miguu isiyo ya rangi ya binadamu. Wakimbizi waliokuwa karibu nami walisogea mbali. Nilisikia bunduki zinakokiwa.

"Mufumu gani alikuogesha?" shefu akauliza.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeomba, angelia, angepiga magoti. Mimi niliamua kufundisha. "Shefu," nikasema, nimesimama na chupi mvuani, "hiyo ni rangi ya jinzi. Ni jinzi ya kweli, haijafuliwa bado. Angalia ndani ya mguu, utaona uzi mwekundu..."

"Uzi mwekundu!" kijana akapiga kelele. "Shefu, amefungiwa uzi mwekundu!"

Ilikuwa kweli, wafumu wanafunga nyuzi nyekundu. Sikuwa nimeiwaza. Shefu alinionyesha kichaka kwa mdomo wa bunduki. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikuiwaza patalo tena, Mungu ni shahidi, ila kidogo.

Nikasikia sauti ya mama. Alikuwa amepitishwa, alikuwa ng'ambo ya mti, salama. Alikuwa amerudi. Alikuja amevimba kwa vikwembe vyake, akanisukuma pembeni kama mtu anayesogeza kiti, akaniambia, "Nyamaza. Umesema ya kutosha." Kisha akageukia wenye bunduki: "Batoto yangu, munisamehe. Huyu hapana mupiganaji. Huyu ni mupumbafu. Siye wote majirani ku quartier tunamujua."

Akafungua kitambaa chake cheupe kichwani. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi, na sikuwa nimewahi kuziona mbele ya wanaume. Akaiokota jinzi kwenye matope, akakisugua kitambaa juu ya paja la ile jinzi, kwa nguvu, kama anavyosugua siku zote, kisha akakiinua. Katikati ya weupe ule kulikuwa na bluu kubwa.

"Unaona, papa? Njo dawa yake hii. Ninamuambiaka: fua. Anakatala. Anasema ikifuliwa inakufa."

Shefu alikitazama kitambaa. Alikuwa bado amenielekezea bunduki.  Ndipo mama akaushika mkono wa shefu, ule usiokuwa kwenye bunduki, akaufungua vidole kama unavyomfungua mtoto aliyeficha sukari, akaupangusa kwenye patalo. Akaugeuza juu, mvuani, watu wote waone. Kiganja cha shefu kilikuwa bluu.

"Sasa na weye?" akamwuliza kwa upole. "Ni mufumu gani alikuogesha?"

 Kisha yule kijana wa kitunguu alishindwa kujizuia, kikamtoka kicheko cha puani, mwenzake akafuata, na shefu akakitazama kiganja chake, akamtazama mama, akanitazama mimi na chupi yangu. Akacheka hata yeye. Alicheka vibaya, kama mtu aliyesahau inavyofanywa. "Mama," akasema, "beba mupumbafu yako muende."

Waliichukua jinzi, bila shaka. Waliichukua na sufu ya baba. Waliniachia tureki iliyotoboka magoti, na lazima niseme ukweli, walikuwa na jicho. Nilifungua mdomo. Ndiyo, nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaambia jinsi ya kuikunja. Mama alinikanyaga mguu, kisha akamgeukia shefu yeye mwenyewe: "Lakini usiifue, papa. Itakufa."

Tuliingia Komanda magoti yangu ya bluu yakichungulia kwenye matundu, watoto wakinifuata. Mama alitembea mbele, kichwa wazi, kile kitambaa amekikunja ndani ya kiganja. Nilimwuliza kama amekasirika kwa ajili ya patalo ya baba. Aliongeza mwendo. Mbele kidogo niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani anacheka, nikakimbia nicheke naye. Alikuwa analia. Alilia hadi tukafika mahali pa kulala.

Rangi ilinitoka polepole, ngozi si kitambaa. Tuliporudi Bunia, nyumba ilikuwa imebaki kuta, lakini mama alipata beseni na sabuni kabla hajapata kitanda. Akafua kila kitu. Alifua vikwembe, alifua tureki, alifua hata gunia. Jumapili ya kwanza alivaa akaenda kanisani, na kichwani amefunga kile kitambaa cheupe, na juu ya paji la uso ile bluu, kubwa, imekaa mahali ambapo hata kipofu angeiona.

Niliona aibu. Mimi, mtaalamu wa mavazi. Na baada ya ibada kiongozi wa wamama alimwita pembeni, mbele yangu, akamwambia kwa utaratibu kwamba kitambaa cha chama ni cheupe. "Mama, umekosa ata kipande ya sabuni? Siye tutakupatia."

"Sabuni iko," mama akasema. "Huyu mutoto nilimuzala mara mbili. Ya kwanza, ku maternite, walinipatia karatasi. Ya pili walinipatia hii. Weye, karatasi ya kuzaliwa ya mutoto yako, unaifuaka?"

Kiongozi alinitazama mimi. Nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta anapuliza makaa ya pasi. Nikamwambia aniachie. Nilikigeuza kitambaa ndani nje, kama inavyotakiwa kwa kitu cha bluu, nikaweka kitambaa kingine juu ili moto usiichome ile rangi, nikapiga pasi taratibu kutoka kwenye ukingo. Mama alivuta kigoda akakaa karibu, akaniangalia mikono kwa muda mrefu.

"Muzuri," akasema. "Lakini usiniwekee pli."